Baba mkwe anataka kuiona barabara ya Vanderbilt, Long Island. Nianzie wapi?

Mwana wa Korogwe

Habari zenu wakuu, hasa mlioko New York na vitongoji vyake.

Baba mkwe wangu anakuja mwezi wa kumi kuwaona wajukuu. Mzee ni mtu wa magari toka ujana, ufundi kaufanyia Korogwe, na zamani mbio za magari za Safari Rally zilipokuwa zikipita Usambara alikuwa analala kando ya barabara kuzisubiri Peugeot. Ukimtajia tu Bert Shankland, aliyeshinda 1966 na 1967 na Peugeot 404, chai itapoa mezani.

Sasa binti yangu kamwambia kwenye simu kwamba ile njia ya baiskeli tunayopita kila wiki, kutoka Cunningham Park hadi Alley Pond hapa Queens, zamani ilikuwa barabara ya tajiri mmoja mpenda mashindano ya magari. Basi mzee kalishika hilo. Akipiga simu haulizii Sanamu ya Uhuru, anauliza "barabara ya Bwana Vanderbilt ipo?"

Nina wikiendi moja tu ya kumtembeza. Gari ninalo, lakini magoti ya mzee si ya kutembea sana, kilomita moja atamudu, ya pili tutasikia habari zake. Nimpeleke wapi na wapi niache? Na kuna kipande chochote ambacho bado unaweza kupita na gari? Tafadhali msiniambie Times Square.

Shemeji wa Bronx

Mpeleke Times Square 😂

Natania mkuu. Ngoja wenye kisiwa chao waje.

Gia Namba Tatu

Mbona umeshapata jibu? Mshushe hapohapo Queens, mwonyeshe madaraja, mwambie Locomobile na Fiat zilipita hapa zikikimbizana. Piga picha, rudini nyumbani mle pilau.

Mzee wa Kabureta

Gia, utamtia ndugu yetu aibuni mbele ya mkwewe. Kipande cha Queens hakijawahi kushindaniwa. Barabara ilifunguliwa Oktoba 1908 kwa kipande cha kaunti ya Nassau tu, mashariki ya Queens. Ilipofika Queens, mashindano yalikuwa yameshafukuzwa kisiwani. Mzee wa Safari akikuuliza "walianzia wapi, wakamalizia wapi?" utajibu nini?

Kisa chenyewe ni hiki. William K. Vanderbilt Jr., kitukuu wa Cornelius Vanderbilt, yule tajiri wa meli na reli, alikuwa na kichaa cha mwendo. Januari 1904 aliikimbiza Mercedes kwenye mchanga wa pwani ya Florida hadi maili 92 kwa saa. Oktoba ya mwaka huohuo akaanzisha Kombe la Vanderbilt hapa Long Island, kwenye barabara za kawaida za vijijini, za mikokoteni na kuku. Wafaransa wakatamba na magari yao: Panhard ya George Heath 1904, Darracq ya Victor Hémery 1905, Darracq tena 1906 mikononi mwa Louis Wagner. Hata Louis Chevrolet, huyu ambaye jina lake liko kwenye magari mpaka leo, alishindana 1905, tena akiendesha Fiat.

Kilichowashinda waandaaji ni watazamaji. Watu walijaa mpaka katikati ya njia, wanapisha gari likiwa limeshafika puani. 1906 mtazamaji mmoja aligongwa akafa, na aliyekuwa kwenye usukani ni Elliott Shepard, binamu wa Vanderbilt mwenyewe. Hapo ndipo ilipozaliwa hoja ya barabara ya kulipia, ya magari peke yake, isiyokatizwa na njia nyingine wala reli. 1907 kombe halikufanyika. 1908 likarudi, na Locomobile namba 16 ya George Robertson ikashinda kwa wastani wa maili 64 kwa saa, gari la kwanza la Marekani kulichukua kombe lile.

Na hata hapo, sehemu kubwa ya mzunguko ilikuwa bado ni barabara za umma. Hiyo mpya ilitumika kwa kipande tu.

Gia Namba Tatu

Sawa Mzee, nimekusikia. Lakini madaraja ya Queens ni mazuri bwana.

Mzee wa Kabureta

Madaraja sikatai. Tena nadhani aanzie hapo, ila kwa sababu nyingine. Simama chini ya lile la Hollis Hills Terrace au la 73rd Avenue, utaona siri yote ya barabara hii: wao walipita juu, dunia nyingine ikapita chini. Leo ni jambo la kawaida kila mahali, lakini enzi zile gari lilisubiri ng'ombe wavuke. Juu wameweka lami ya baiskeli, ila ubavuni zege ni ileile ya zamani, imechakaa mpaka kokoto zinachungulia. Fundi akiweka kiganja pale ataelewa bila mkalimani.

Kwa magoti ya mzee, usitembee njia nzima. Egesha karibu na daraja moja, mtembee dakika chache, mrudi.

Dada wa Garden City

Kaka Korogwe, karibu upande wetu wa Nassau. Kusema kweli huku barabara yenyewe imeliwa. Vipande vimepita chini ya nyaya za umeme mkubwa, vingine vimekuwa nyuma ya nyumba za watu, na mwenye nyumba hatafurahi kukuta mzee wa Kitanzania anapima zege kwenye bustani yake.

Ila usiache nyumba ya ushuru iliyopo Seventh Street, Garden City. Haikujengwa hapo, ilihamishwa 1989 ili isivunjwe. Usifikirie kibanda cha mlinzi. Ni nyumba kamili, mkusanya ushuru aliishi humo na familia yake, usiku gari likija mtu anatoka kitandani kupokea pesa. Mchoraji wake ni John Russell Pope, huyohuyo aliyekuja kuchora jengo la kumbukumbu la Jefferson kule Washington. Fikiria, mtu wa hadhi hiyo anachoreshwa geti!

Ushuru ulianza na dola 2, pesa ya kweli kwa 1908. Ukashuka hadi dola moja na nusu, kisha dola moja, na mwishoni senti 40. Bei ikishuka namna hiyo ujue biashara inakata roho. Robert Moses, bosi wa bustani na barabara za serikali, alikuwa ameshajenga Northern State Parkway jirani, pana, na huilipii chochote. Nani atalipa? 1938 barabara ikafungwa, ikachukuliwa na serikali kwa sababu ya kodi iliyolimbikizwa, kama dola 80,000 hivi. Miezi michache baadaye kipande cha Queens kikafunguliwa kuwa njia ya baiskeli, na ndiyo hiyo binti yako anayopita.

Mla Kona

Jibu la swali lako la gari ni Suffolk, kaunti inayofuata baada ya Nassau. Kuanzia Dix Hills kwenda mashariki mpaka Lake Ronkonkoma barabara ipo na unaendesha, kilomita 20 na ushee. Kwenye ramani ni County Route 67, na vibao vimeandikwa Vanderbilt Motor Parkway. Huo ndio uliokuwa mwisho wake wa mashariki. Barabara nzima kutoka Queens ilikuwa karibu kilomita 72.

Usitegemee makumbusho. Kuna nyumba, ofisi, taa za barabarani, watu wanakwenda kununua maziwa. Lakini zima redio, punguza mwendo. Utagundua barabara inapanda na kushuka kufuata ardhi, kona zinakuja ghafla, nyembamba, hazifanani kabisa na barabara za jirani zilizonyooshwa kwa rula. Hapo ndipo mzee atakapokaa sawa kwenye kiti. Wanaokuhonia nyuma wapishe, wao hawana habari.

Enzi za marufuku ya pombe wenye magendo nao waliipenda, maana ilikuwa ya faragha. Hiyo utamwambia mzee kama si mlokole.

Mwana wa Korogwe

Wakuu, mmenifungua macho. Mzee ni mlokole lakini hadithi za magendo anazipenda kuliko mtu yeyote.

Maswali mawili. Hayo magari yenyewe yako wapi? Na kwenye picha za zamani naona kila gari lina watu wawili. Huyu wa pili ndiye alikuwa anasoma ramani kama kwenye Safari?

Mzee wa Kabureta

Locomobile namba 16 ipo, haijafufuliwa upya kwa rangi za kung'aa, imebaki na uzee wake. Lakini iko kwenye makumbusho ya Henry Ford, Dearborn, Michigan. Kwa wikiendi moja isahau.

Mtu wa pili hakuwa na ramani, mzunguko ulikuwa uleule. Alikuwa fundi. Kazi yake kupampu mafuta kwa mkono, kutazama nyuma nani anakuja, kuangalia matairi, na tairi likipasuka anaruka chini. Ni utingo kasoro mizigo. Hana mkanda, hana mlango, kofia ya chuma hana. 1910 mafundi wawili wa namna hiyo walikufa katika mbio moja na watazamaji wengi wakaumia, maana watu walivamia njia vilevile kama 1906. Kombe la 1911 likapelekwa Savannah, Georgia. Kwa hiyo barabara iliyojengwa kuokoa mashindano iliyaona kwa misimu mitatu tu, 1908, 1909 na 1910. Miaka hiyo miwili ya mwisho mshindi alikuwa mmoja, Harry Grant, na gari moja, Alco.

Mimi ningemsimulia mzee habari za mafundi kwanza, kabla ya matajiri. Ni fundi mwenzao.

Shemeji wa Bronx

Mimi niliyeanza na utani sasa nataka kuja. Kuna nafasi kwenye gari?

Mwana wa Korogwe

Nafasi ipo shemeji, lete chapati. Basi nimepanga hivi: Jumamosi asubuhi daraja moja la Queens, mchana Garden City. Jumapili baada ya ibada tunashika Dix Hills mpaka Ronkonkoma. Ile nyumba ya Vanderbilt ya Centerport je, ambayo sasa ni makumbusho? Niiongeze?

Dada wa Garden City

Centerport ni pazuri na bahari inaonekana, lakini ni habari ya utajiri wake na vitu alivyokusanya kwenye meli. Ukiiongeza Jumapili mtafika Ronkonkoma giza limeingia na mzee hataona kona hata moja. Iache kwa safari nyingine, au umpeleke mama mkwe akija.

Mla Kona

Naunga mkono. Na mkimaliza Ronkonkoma msirudi na barabara kuu ya 495 Jumapili jioni. Foleni ya watu wanaotoka ufukweni na mashambani mtaimaliza na usingizi. Kaeni ziwani mle hizo chapati hadi saa mbili usiku, ndipo muondoke. Na mwache mzee akae mbele.