Mjadala: Apu ya kuhesabu kaboni hapa Lamu, tunampima nani?

MWENYE HOJA, Mkomani

Assalaam aleikum jamaa. Hili limezungumzwa barazani nusu nusu na kila mtu akaondoka na lake, ndipo nikaona nilianike hapa. Kuna vijana wetu wanaotaka skuli na hoteli za Lamu zimhimize kila mtu aweke kwenye simu apu ya kuhesabu kaboni yake. Unajaza ulichokula, ulivyosafiri, umeme uliotumia. Yenyewe inazidisha kila kitu kwa kiwango chake, na mwisho wa mwezi inakwambia umetoa kilo ngapi za hewa ya ukaa (ile inayoipasha dunia joto, kwa kifupi tunaiita kaboni) na upunguze wapi. Nia yao siitilii shaka. Jambo lenyewe nalipinga.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa wao ndio walioitaka. Mkenya kwa wastani hutoa takriban tani 0.4 za kaboni kwa mwaka kutokana na mafuta na viwanda. Mmarekani huzungukia tani 14. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima ya Lamu. Zidisha kwa 0.4, hazifiki tani 58,000. Na hapo nimewabebesha watu wa Lamu wastani wa nchi nzima, foleni za magari ya Nairobi zikiwemo, ilhali mji wetu wa kale unakwenda kwa miguu, punda na mashua.

Sasa kumbukeni kinu cha umeme wa makaa ya mawe kilichokuwa kijengwe Kwasasi. Megawati 1,050. Kinu cha kiasi hicho kikiwaka sawasawa hutoa mamilioni ya tani kwa mwaka. Mamilioni! Save Lamu, muungano wa vikundi vya hapa, na wakazi wenzetu wakaenda kushtaki, na tarehe 26 Juni 2019 mahakama ya kitaifa ya mazingira ikaifuta leseni yake, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Lamu nzima ikiacha kupika na kusafiri kwa miaka mingi, haifikii kile ambacho kesi moja ilikizuia.

Na mjue ilikotoka fikra hii ya kila mtu kubeba kaboni yake mgongoni. Wasomi waliokuwa chuo kikuu kimoja cha Canada, William Rees na Mathis Wackernagel, ndio walioanza miaka ya 1990 kupima ni kiasi gani cha ardhi kinachohitajika kulisha maisha ya watu. Lakini hesabu ya kaboni ya mtu binafsi ilienezwa sana na BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza, iliyotoa kikokotoo chake mwaka 2004 na kukitangaza kwa nguvu. Muuza mafuta anamuuliza mnunuzi: wewe umechafua kiasi gani leo? Mimi hapo sipiti bila kusimama.

Nimejaribu moja ya hizo apu. Iliniuliza nina gari la aina gani. Sina. Ikaniuliza nyumba yangu naipasha joto kwa gesi au kwa umeme. Kupasha joto nyumba, Lamu, mwezi wa Machi! Mashua haikuwemo kabisa, nikachagua meli. Haya, karibuni.

MWALIMU, Langoni

Ndugu yangu, nimekusoma na kesi ya Kwasasi hakuna anayeisahau. Lakini umeisimulia nusu. Moja ya kasoro ambazo mahakama ilizitaja ni kwamba tathmini ya mradi haikuzingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Hoja ya namna hiyo huwezi kuisimamisha kwa kulia peke yake. Walikuwepo watu waliojua tani ni nini na kinu cha makaa kinatoa ngapi. Watu hao walitoka wapi? Walifundishwa.

Mimi nafundisha sayansi. Nikimwambia mtoto wa darasa la nane "tani ya hewa ya ukaa", ananiangalia tu. Nikimwambia lita moja ya petroli ikiungua inatoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa, yaani uzito unaozidi wa ile petroli yenyewe, darasa zima linapiga kelele kwamba haiwezekani. Hapo ndipo somo linapoanza, maana inabidi nieleze kwamba kaboni ya kwenye mafuta huungana na oksijeni ya hewani, na uzito mwingi unatoka huko. Apu inamfanya aione hesabu hiyo kila siku kwa vitu vya nyumbani kwao. Mimi siihitaji imhukumu mtu. Naihitaji imzoeshe mtoto kuhesabu, ili siku mwekezaji mwingine akija na makaratasi yake, tuwe na watu mia wa kuyasoma badala ya watano.

MAMA MPISHI, Mkomani

Mwalimu, nakuheshimu, na wanangu wawili wamepita mikononi mwako. Lakini hiyo apu iko kwangu, binti yangu aliniwekea, na nitawaeleza ilichonifanyia.

Mimi napika mahamri na mbaazi za kuuza. Zamani nilipikia makaa kwenye seredani, moshi asubuhi, macho mekundu, kifua kinabana. Nikajinyima nikanunua mtungi wa kilo 13. Nilipojaza kwenye apu kwamba sasa napikia gesi, kaboni yangu ikapanda! Nikarudisha makaa, ikashuka. Binti yangu akadhani nimebonyeza vibaya, akarudia mwenyewe, ikawa vile vile. Kwa hiyo kwa hesabu yao mimi nilikuwa mtu mwema nilipokuwa nakohoa.

Naomba mwenye elimu anieleze, maana nilikaribia kuifuta.

MWENYE HOJA

Bi, usiifute kwanza, hilo lako ni ushahidi kuliko yote niliyoandika mimi.

Maelezo ni haya. Katika hesabu za kimataifa, moshi wa kuni na makaa ya miti hauandikwi upande wa nishati. Huandikwa upande wa misitu na ardhi, kwa dhana kwamba mti ukiota tena unairudisha kaboni ile ile. Apu nyingine hulichukua hilo moja kwa moja na kuyapa makaa sifuri au karibu na sifuri. Gesi ya mtungi ni mafuta ya ardhini, kwa hiyo inahesabiwa yote: kilo moja ya gesi hutoa karibu kilo tatu za hewa ya ukaa, mtungi wako wa 13 unakwenda kama kilo 39. Ukiangalia karatasi peke yake, umeharibu.

Lakini mti gani huo unaoota tena? Makaa yanayotufikia kisiwani yanatoka bara, na anayepita barabara ya Witu anaziona gunia zimepangwa kando. Tanuri la udongo linapoteza sehemu kubwa ya mti: kilo moja ya makaa inaweza kula kilo sita za kuni, hata kumi, na lile tanuri linafuka methani, hewa nyingine inayopasha dunia joto, wakati wote linapochoma. Serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, Rais akatangaza kuiondoa marufuku 2023, na mashoka hayakuwa yamelala katikati hapo. Msitu usiporudi, ile sifuri ni uongo mtupu. Na hakuna apu inayohesabu kifua chako.

Mwalimu, hicho ndicho ninachokiogopa. Mtoto wako wa darasa la nane atarudi nyumbani amwambie mamake arudi kwenye makaa kwa sababu simu imesema.

MWALIMU, Langoni

Au atauliza kwa nini simu imesema hivyo, kama Bi alivyouliza. Umeona amepata jibu gani hapa kwa swali moja? Ningekuwa na darasa la akina Bi ningelala usingizi.

Na Bi, kwa faida yako: sufuria ya umeme yenye presha ukiimudu, mbaazi zako zitaiva kwa kaboni ndogo zaidi. Umeme wa Kenya karibu sehemu tisa kwa kumi unatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo wa kule Ziwa Turkana na jua. Wakati Lamu ilipokuwa inawashwa kwa mashini za dizeli nisingekwambia hivi. Leo tuko kwenye laini ya taifa.

MAMA MPISHI, Mkomani

Ikipotea stima saa kumi alfajiri, mahamri nitakaanga kwa mvuke wa Olkaria? Nabaki na mtungi wangu.

KIJANA WA HOTELI, Malindi

Mimi niko Malindi lakini Shela nimefanya kazi. Nawasoma mnavyobishana juu ya seredani nikacheka. Mgeni mmoja akipanda ndege London mpaka Nairobi na kurudi, kwenye kiti cha kawaida, ni takriban tani moja, na vikokotoo vingine vinatoa zaidi. Bado hajapanda ndege ndogo ya kuja Manda au Malindi. Bado hajawashiwa ubaridi chumbani. Wastani wa Mkenya wa miaka miwili na zaidi umekwisha angani kabla hajaonja dafu.

Kwa hiyo apu iwekwe, lakini iwekwe mapokezi. Hoteli ihesabu dizeli ya jenereta, ubaridi, safari za boti kupeleka wageni kuona machweo. Hiyo ni karatasi moja kwa mwezi na mhasibu anazo risiti zote, hakuna haja ya kumfuata mfanyakazi simuni.

Halafu jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Apu nyingi hizi zinataka kujua uko wapi saa zote ili zikisie umetembea, umepanda gari au umeruka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema taarifa za mtu zisichukuliwe bila sababu na bila ridhaa ya kweli. Mwanafunzi akiambiwa na mwalimu wake "weka hii", hiyo ni ridhaa? Ya mtoto inahitaji mzazi. Na kwa vile tunavyoishi Lamu na mambo ya usalama, mimi sitaki kampuni ya ng'ambo ijue nani alivuka kwenda Mokowe saa ngapi.

(Na mkitaka punda naye ahesabiwe: IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, linakadiria kilo 10 za methani kwa punda mmoja kwa mwaka. Methani hupasha joto mara 28 kuliko hewa ya ukaa, kwa hiyo ukiigeuza unapata sawa na kilo 280. Mwenye punda wawili anampita Mkenya wa wastani kabla hajajihesabu mwenyewe. Msiwaambie wenye bodaboda.)

MWENYE HOJA

Kijana, hilo la taarifa nalitia sahihi.

Niongeze moja linaloninyima raha. Apu hizi mara nyingi mwisho wake ni kitufe cha fidia: lipa kidogo, tutapanda mti mahali, dhambi yako imefutwa. Mahali wapi? Asilimia 60 hivi ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Gazi, kule Kwale, wanakijiji wanauza kaboni ya mikoko kupitia Mikoko Pamoja, mradi wao ulioanza 2013, na fedha zinaingia kwenye maji na skuli, nawapongeza. Ile Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyorekebishwa 2023, inadai jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka kwa miradi ya ardhi, baada ya kutoa gharama. Vizuri. Lakini nani atazikagua hizo gharama? Mkata boriti wa hapa anahitaji kibali kukata mkandaa wa kuezekea, na mtu aliye mbali anabonyeza simu, mkoko wetu unakuwa ruhusa yake ya kuruka tena. Mnaotaka apu, niambieni kwanza kitufe hicho kitafungwa.

NAHODHA, Matondoni

Yeo nimesomewa yote na mjukuu, kwa hiyo mkiona herufi zimekosewa ni yeye.

Wanangu, mimi sina apu lakini kaboni nimeihesabu zamani bila kujua jina lake, maana ni pesa. Kila mashua yenye mashini ina daftari, na kama haina, mwenyewe analia mwisho wa mwezi. Lita zilizoingia, watu waliopanda, bandari aliyokwenda. Mjukuu amenipigia ile hesabu ya Mwalimu: tuseme safari ya lita 20, hizo ni kilo 46. Wakiwa watu kumi, kilo nne na nusu na ushei kila mmoja. Wakiwa watatu, kumi na tano. Kumbe kinachochafua zaidi ni kung'oa nanga na mashua tupu. Ukingoja abiria wajae umepunguza kwa kila mtu, na mfuko umepona. Tukienda na tanga kusi ikivuma vizuri tunazima mashini kabisa, lakini vijana wa sasa tanga hawalijui, wanataka mashini ya nguvu za farasi arobaini nyuma hata kwa safari ya kuvuka Manda.

Sasa huyo abiria wa kilo nne na nusu anatakiwa asafiri nami zaidi ya mara mia mbili ndipo amfikie mgeni wa Kijana wa Malindi. Ndiyo maana mtu akinijia na simu kuniambia nipunguze, nitamsikiliza kwa adabu.

MWENYE HOJA

Ami, daftari lako ndilo ninalolitaka. Pendekezo langu basi: skuli zisiweke apu kwenye simu za watoto. Darasa la Mwalimu lichukue madaftari ya mashua, risiti za dizeli za hoteli na gunia za makaa zinazoshuka gatini, watoto wahesabu kwa kalamu na kwa viwango vya hapa, kisha hesabu ibandikwe ukutani ukumbi wa kaunti. Mwalimu, unakubali?

MWALIMU, Langoni

Nakubali nusu. Gunia za gatini na mashua, nitaanza muhula ujao. Lakini mwanafunzi mkubwa anayetaka apu kwa hiari yake na mzazi akaridhia, sitamkataza. Nitamtaka aandike ni wapi inapokosea.

NAHODHA, Matondoni

Daftari nitawaonyesha. Jina langu na la mashua yasiandikwe ukutani. Na wenye hoteli walete la jenereta kwanza, mimi nitafuata nyuma yao.