Magari ya zimamoto yananunuliwa. Je, mishahara ya askari wake hutoka fungu lipi?

Mkazi wa Manzese
Ndugu zangu, naomba kuelimishwa. Mwezi uliopita nyumba ya jirani yangu iliungua. Gari la zimamoto lilifika, lakini halikuweza kupita kichochoroni, ikabidi mpira wa maji ukokotwe kwa mikono. Askari walikuwa watatu: mmoja alibaki kwenye pampu, na wawili waliuvuta mpira wakisaidiwa na vijana wa mtaa waliovaa ndala, bila kofia wala glavu. Kijana mmoja aliungua mkono. Siwalaumu askari hao hata kidogo, kwani walifanya kazi ya watu wengi. Ninachouliza ni iwapo fedha zinazonunua magari mapya ndizo zinazoajiri watu.

Mtumishi Mstaafu
Hapana, ndugu yangu. Gari hununuliwa mara moja kwa fedha za maendeleo, ilhali mshahara ni matumizi ya kawaida yanayolipwa kila mwezi mpaka askari astaafu. Kwa hiyo Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, inayosimamia zimamoto, haiajiri kwa kutaka tu, bali nafasi lazima iwemo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, kibali kitoke Ofisi ya Rais, Utumishi, na Hazina iwe imetenga fedha. Zamani zimamoto ilikuwa chini ya halmashauri. Tangu Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, jambo hili ni la Serikali Kuu, na madai yetu hayana budi kuelekezwa huko.

Tazama hesabu yake. Wiki ina saa 168. Askari akifanya kazi saa 42 kwa wiki, kiti kimoja garini, kisichotakiwa kubaki wazi usiku wala mchana, kinahitaji watu wanne, kabla hujagusa likizo, ugonjwa na mafunzo. Gari la askari watano linahitaji askari 20, tena hilo ni gari moja, katika Mkoa wa Dar es Salaam, ambao Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728.

Fundi wa Temeke
Mimi ningetanguliza maji. Mtaani kwetu kisima cha zimamoto kimefukiwa na kifusi, na hata wakija askari 50, gari likiishiwa maji watasimama kutazama kama sisi.

Mtumishi Mstaafu
Hoja ya maji ni ya kweli, na kifusi hicho kiondolewe. Hata hivyo, mpira wa upana wa milimita 70 na urefu wa mita 20 ukijaa hubeba takriban kilo 77 za maji. Askari wawili wataukunjaje kwenye kona za Manzese? Kumbuka pia ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Uokoaji ule ulichukua siku kadhaa, na kilichohitajika pale ni mikono yenye ujuzi, ya kupokezana kwa zamu.

Mkazi wa Manzese
Nashukuru sana, mzee wangu. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, hivyo nitamwandikia mbunge wetu mapema, kabla bajeti ya wizara haijajadiliwa. Swali nimeliandika hivi: ni nafasi ngapi mpya za askari zimeombewa kibali kwa vituo vya Dar es Salaam, na kati ya hizo, ngapi zimetengewa mshahara? Kama kuna neno la kurekebisha, naomba mnisaidie.