Je, mavuno yakiongezeka, asiye na ardhi anafaidika?

Mwanafunzi wa Uchumi
Wanajukwaa, salaam. Naandika tasnifu kuhusu maendeleo ya vijijini na kuna jambo linanitatiza. Serikali nyingi za nchi zinazoendelea hupima mafanikio kwa wingi wa mavuno, ilhali anayevuna faida mara nyingi ni yule aliyekwisha kuwa na shamba, mtaji na njia ya kufika sokoni. Kibarua asiye na ardhi, au mwanamke anayelima shamba lenye jina la mumewe, anaingiaje katika mafanikio hayo?

Msoma Takwimu
Ndugu, anza na ardhi. Vietnam ilitangaza sera ya Doi Moi, yaani mageuzi ya kiuchumi, mwaka 1986, na mwaka 1988 kaya zikaanza kukabidhiwa mashamba yaliyokuwa ya ushirika kwa mikataba ya miaka mingi. Mwaka 1989 nchi hiyo, iliyokuwa ikiagiza mchele kutoka nje, ilikuwa tayari miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani. Ugawaji ulizingatia zaidi idadi ya watu katika kaya, na kwa maoni yangu hapo ndipo siri ilipo, kwa sababu bila ugawaji huo mbegu bora zingeweza kuwatajirisha wachache tu.

Mpita Njia
Naafiki nusu. Ardhi haizai ardhi. Watoto wakirithi, vipande hupungua hadi visitoshe kulisha mtu, kwa hiyo lazima pawe na ajira nje ya shamba. China ilipata bahati ya viwanda vya vijijini, vilivyoajiri mamilioni ya wakulima katika miaka ya 1980 bila kuwahamishia mijini. India ilipita njia nyingine: sheria ya mwaka 2005 iliihakikishia kila kaya ya kijijini siku 100 za kazi ya ujira kwa mwaka, na theluthi moja ya wanufaika ilipaswa kuwa wanawake. Malipo yalichelewa mara nyingi, tena sana, lakini kibarua alipata pa kukimbilia pale mwenye shamba alipompunja.

Mwanafunzi wa Uchumi
Nashukuru. Na huyo mwanamke wa shamba la mumewe?

Msoma Takwimu
Tazama Ethiopia. Katika jimbo la Amhara, hati za ardhi ziliandikwa majina ya mume na mke, zikabandikwa na picha za wote wawili. Picha ile si pambo: mume anayetaka kulikodisha shamba kwa siri hukabidhi hati ambayo sura ya mkewe inamtazama mpangaji.