Maafa ya tetemeko na tsunami yakitokea mbali, mchango upi husaidia na upi huwa mzigo?

Mama Tanga (Tanga)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa hapa Tanga. Katika mfuko wetu wa jamii tumetenga fungu dogo la kuwasaidia watu wa mbali wanapofikwa na maafa, na sasa tunaliandikia kanuni. Mjadala kila mara hurudi kwenye tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, kwa kuwa ndilo janga la mbali ambalo wengi wetu tunalikumbuka vizuri. Tetemeko lilitokea karibu na pwani ya Sumatra Kaskazini, watu zaidi ya 220,000 wakafa katika nchi 14, na bahari iliyowaua ndiyo hii hii ambayo waume zetu huvua kila siku.

Baadhi ya wenzetu wanataka kanuni iseme tukusanye nguo, vyakula na dawa, kwa hoja kwamba kitu cha kushikika hakiliwi na mjanja njiani kama zinavyoliwa fedha. Mama mkwe wangu, ambaye kauli yake kikaoni ina uzito kuliko ya mwenyekiti, anasema kwamba aliyefiwa hupelekewa unga na sukari, na kumpelekea noti ni kama kumlipa. Mimi naelekea upande wa fedha, lakini sina hoja za kutosha za kumshawishi mtu wa umri wake.

Naomba mnaofahamu mniambie ni kitu gani kiliwasaidia kweli watu wa Aceh, jimbo la Indonesia lililo kaskazini mwa Sumatra, na kipi kiliwalemea. Vilevile, mjumbe wetu mmoja kijana aliuliza jambo ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: mawimbi yale yalichukua muda gani kufika kwetu, na kwa nini hatukuambiwa yalipokuwa njiani?

Mfamasia wa Ilala (Dar es Salaam)

Shikamoo, mama. Nitajibu upande wa dawa, kwa sababu ndio ninaoufahamu, nao una ushahidi mwingi.

Baada ya tsunami, Aceh ilipokea takriban tani 4,000 za dawa za msaada. Wafamasia waliokwenda kuzikagua walikuta kwamba nyingi hazikuwamo katika orodha ya dawa muhimu ya Indonesia, kwamba maboksi mengi yameandikwa kwa lugha ambazo wauguzi wa huko hawazisomi, na kwamba nyingine muda wake ulikuwa umekwisha au unakaribia kwisha. Dawa isiyofaa haiwezi kutupwa jalalani hivi hivi. Ni lazima itengwe, iorodheshwe, kisha iteketezwe kwa utaratibu wa usalama, na gharama hiyo humwangukia yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa.

Nimewahi kufungua katoni ya msaada wa namna hiyo. Juu kulikuwa na pakiti za vidonge zilizokwisha kunyofolewa nusu, chini yake sampuli ambazo kampuni huwagawia madaktari, na katikati chupa ya dawa ya kikohozi iliyofunguliwa, ambayo ilikuwa imevuja na kugandisha vikaratasi vyote. Kila kitu kinapaswa kusomwa jina, kipimo, namba ya toleo na tarehe, na anayefanya kazi hiyo ni mtu ambaye nje ya mlango wake kuna foleni ya majeruhi. Kwa hiyo dawa ziondoeni kabisa katika kanuni yenu, hata kama mwanachama ana duka lake.

Kuhusu nguo, habari si tofauti. Katika jimbo la Tamil Nadu, India, milundo ya nguo kuukuu iliachwa kandokando ya barabara, kwa sababu wavuvi wa huko, pamoja na kupoteza nyumba na vyombo, hawakukubali kuvaa nguo zilizochakaa za watu wasiowajua. Siwalaumu hata kidogo.

Nikiruhusiwa kuongeza neno nje ya swali, kuna woga mmoja ambao sisi wa mbali huusambaza bila kukusudia, nao ni ule wa kwamba maiti wengi wataleta magonjwa ya mlipuko. Shirika la Afya Duniani limeeleza mara nyingi kwamba miili ya watu waliokufa kwa maafa ya asili, waliokuwa na afya njema hadi dakika ile, kwa kawaida haianzishi milipuko. Hatari kubwa iko kwenye maji machafu na msongamano wa walio hai. Hata hivyo, kule Aceh miili mingi ilizikwa kwa haraka bila kutambuliwa. Katika kaburi la pamoja la Siron peke yake wamelazwa watu zaidi ya 40,000, na jamaa zao huenda pale kuomba dua bila kujua ndugu yao yuko upande upi.

Nahodha Mstaafu (Mombasa)

Mwanangu Mama Tanga, nitajibu swali la kijana wenu, maana hilo ndilo lililonigusa.

Tetemeko lilitokea muda mfupi kabla ya saa kumi alfajiri kwa saa zetu za Afrika Mashariki, siku ya Jumapili. Katika kilindi cha bahari, tsunami huenda kwa kasi ya kama kilomita 700 au 800 kwa saa, sawasawa na ndege ya abiria, lakini pale kilindini kimo chake ni kidogo mno hata mtu aliye chomboni huenda asihisi kitu. Sri Lanka ilipigwa baada ya takriban saa mbili. Somalia ilipigwa baada ya takriban saa saba, na kwetu Mombasa badiliko la maji lilionekana mchana. Kwa hiyo muda ulikuwepo, na mwingi. Kilichokosekana ni mtu mwenye jukumu la kuuliza na mtu mwenye jukumu la kujibu. Bahari ya Pasifiki ilikuwa na kituo cha tahadhari huko Hawaii tangu mwaka 1949. Wataalamu wake waliliona tetemeko lile ndani ya dakika chache, ingawa mwanzoni walilikadiria kuwa dogo kuliko lilivyokuwa, lakini Bahari ya Hindi haikuwa na mtandao wowote wa kupokea habari hiyo na kuifikisha ufukweni.

Siku ile nilikuwa Bandari ya Kale. Maji yalianza kuingia na kutoka nje ya saa zake. Mbele ya macho yangu, baharia mmoja alilegeza kamba ya mashua yake kwa kuwa maji yameshuka, na kabla hajakaa chini akalazimika kuikaza tena, huku akitukana kama kwamba kuna mtu anayemfanyia mzaha. Sisi tuliozoea kupwa na kujaa tulijua kwamba ile haikuwa bamvua, yaani kule kujaa na kupwa kukubwa kwa mwezi mpevu, ijapokuwa mwezi ulikuwa mpevu. Habari za Asia zilikuwa zimekwisha kufika redioni na kwenye televisheni, na polisi waliwaondoa watu fukweni. Wataalamu waliopima pwani ya Kenya baadaye walieleza kwamba mawimbi yalitukuta maji yakiwa chini, jambo lililotuokoa sana. Kenya alikufa mtu mmoja. Tanzania walikufa kama kumi, wengi wao wakiwa wanaogelea. Somalia walikufa karibu 300, hasa Hafun, ambako ardhi ni ya chini na ya mchanga, na ambako nguvu ya mawimbi ilielekea moja kwa moja, kwa kuwa ufa wa Sumatra ulipasuka kutoka kusini kwenda kaskazini kwa zaidi ya kilomita 1,000 na kuyasukuma maji upande wa magharibi.

Angalia basi jambo hili: sisi tulikuwa watazamaji wa janga lile na wakati huohuo tulikuwa njiani mwake. Wengi wa wenzangu walipanda juu ukutani *kutazama* bahari.

Siku hizi mtandao upo. India, Indonesia na Australia hutoa tahadhari kwa nchi zote za bahari hii, na tarehe 11 Aprili 2012, Sumatra ilipotikiswa tena, amri ya kuondoka ufukweni ilitolewa hata huku kwetu, ingawa wimbi kubwa halikuja. Tahadhari nayo ina mipaka yake. Japani, tarehe 11 Machi 2011, ilitangaziwa ndani ya dakika tatu tu, lakini kimo cha mawimbi kilichotajwa mwanzoni kilikuwa kidogo kuliko kilichokuja, na karibu watu 16,000 walithibitishwa kufa.

Aliyesoma Penang (Zanzibar)

Nahodha, ahsante sana. Nilisoma Malaysia miaka kadhaa baada ya tsunami na nikapata nafasi ya kwenda Banda Aceh, mji mkuu wa jimbo la Aceh. Meli ya kuzalisha umeme iitwayo PLTD Apung 1, yenye uzito wa tani 2,600, bado imekaa katikati ya makazi ya watu, kilomita mbili au tatu kutoka baharini, na watoto hucheza mpira kivulini mwake. Ukisimama chini yake ndipo unapoelewa kwamba picha za televisheni zilitufikishia sehemu ndogo tu.

Mama Tanga, nilichosikia kwa wenyeji ni kwamba waliookoa watu siku za kwanza walikuwa majirani, wanafunzi wa vyuo na wanajeshi, wala si sisi wa mbali. Sisi tulifaa baadaye, katika kujenga. Shirika la serikali la ujenzi mpya lililoongozwa na Kuntoro Mangkusubroto lilifanya kazi kuanzia mwaka 2005 hadi 2009, na kwa kushirikiana na wahisani zilijengwa nyumba zipatazo 140,000. Hata huko hapakukosekana vituko. Wahisani wengi walitaka kupiga picha wakikabidhi boti, zikagawiwa boti ambazo wavuvi waliziona ndogo mno au mbovu kwa bahari yao, na nyingine zilikauka ufukweni. Hakuna aliyewauliza wavuvi wanatumia chombo cha namna gani.

Kuhusu swali la kijana, nitaongeza kisa cha kisiwa cha Simeulue. Kiko karibu kabisa na kitovu cha tetemeko, na mawimbi yalikifikia ndani ya dakika kumi hivi. Kati ya wakazi wake wapatao 78,000, walikufa saba. Babu zao walipigwa na tsunami mwaka 1907, na tangu hapo kila mtoto huimbiwa na kusimuliwa kwamba ardhi ikitikisika sana na bahari ikakupwa ghafla, akimbilie mlimani bila kungoja mtu. Hawakuwa na king'ora wala simu.

Mtu wa Goma (Goma)

Mimi nitasema kitu ambacho labda hakitapendeza. Tathmini ya pamoja ya mashirika ya misaada ilikuta kwamba fedha zilizotolewa kwa tsunami ya 2004 zilifika takriban dola bilioni 13.5, yaani zaidi ya dola 7,000 kwa kila mwathirika, ilhali mafuriko ya Bangladesh ya mwaka huohuo yalipata kama dola 3 kwa kila mwathirika. Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza mapema Januari 2005 kwamba wamekwisha kupata fedha za kutosha kwa kazi yao ya tsunami, wakawaomba wahisani waruhusu ziada itumike penginepo. Wapo waliowakasirikia kwa kusema kweli.

Tarehe 17 Januari 2002, lava ya mlima wa volkeno Nyiragongo iliupita mji wetu katikati, na mamia ya maelfu tukavuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda. Nilikuwa miongoni mwa waliopokea msaada. Mwenyeji aliyetufungulia uwanja wake na kutupa maji na sufuria, huyo namkumbuka kwa sura hadi leo. Blanketi la msaada lilipofika, sisi tulikuwa tumekwisha rudi kukanyaga mawe yaliyokuwa bado moto. Sisemi msitoe. Nasema fungu lenu lisifuate televisheni peke yake, maana kamera zilikwenda Phuket, Thailand, na Aceh, na Hafun ilipewa dakika mbili.

Picha nazo mziangalie. Mwaka ule zilizunguka picha za wimbi kubwa lililowafukuza watu ukingoni, zikidaiwa kuwa za tsunami, kumbe ni za maji ya kujaa katika mto Qiantang huko China, zilizopigwa kabla. Kikundi kinachochangisha kwa picha ya uongo hupoteza imani ya wanachama wake mara moja.

Mama Tanga (Tanga)

Nawashukuru mno, na wewe baba yangu Nahodha shikamoo. Nimemsomea mama mkwe habari ya dawa na ya boti. Ya boti ameikubali papo hapo, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa mvuvi. Ya nguo bado anainung'unikia. Sasa ameniuliza: kama ni fedha, zipitie mkono wa nani?

Aliyesoma Penang (Zanzibar)

Mwambie mama kwamba hata msibani kwetu siku hizi rambirambi hutolewa kwa bahasha, na unga hununuliwa na walio karibu na jiko. Ndivyo ilivyo huko pia: masoko ya sehemu zisizoguswa na maji huwa wazi, na fedha zikinunua mchele palepale, mfanyabiashara wa huko naye hupata riziki.

Kwa kikundi kidogo, njia nyepesi ni chama cha Msalaba Mwekundu cha nchi yenu, kwa sababu vyama hivyo vimeungana na vile vya nchi nyingine, na kile cha Indonesia kilikuwa na watu wa kujitolea mle mle Aceh kabla ya tetemeko. Gawanyeni fungu sehemu mbili: moja itoke ndani ya wiki ya kwanza, ya pili ikae hadi baada ya miezi sita, wakati watu wanapojenga na magazeti yamekwisha kuhamia kwingine. Ombeni stakabadhi yenye jina la kikundi ili ibandikwe ukutani kikaoni. Na katika barua ya kukabidhi, andikeni kwamba fedha zikizidi mahitaji ya hapo zinaweza kutumika kwa waathirika wa maafa mengine. Bila ruhusa hiyo ya maandishi, huenda wahasibu wao wasiweze kuzihamishia kwingine.