Piza mbili za sm 30 au moja ya sm 45: ipi ina ulaji zaidi?

Muulizaji
Wakuu, habari. Nabishana na shemeji hapa. Bei ni ileile, uchukue piza mbili za kipenyo cha sm 30 au moja ya sm 45. Yeye anasema 30 na 30 ni 60, na 60 inaizidi 45, mjadala umefungwa. Mimi nahisi ile moja ndiyo kubwa, ila hesabu za duara nilizitupa siku nilipomaliza mtihani. Naombeni kitu cha kumwonyesha.

Fundi Bati
Shemeji anajumlisha vipenyo, na kipenyo hakiliwi mkuu. Kinacholiwa ni eneo. Mimi nakata mifuniko ya mapipa, na kila mara nakutana na mteja anayedhani mfuniko wenye upana mara mbili utakula bati mara mbili. Unakula mara nne!

Eneo la duara ni pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo tena. Ya 30: 3.14 × 15 × 15, karibu sm za mraba 707. Mbili ni 1,414. Ya 45: 3.14 × 22.5 × 22.5, karibu 1,590. Hiyo ziada ni robo nzima ya piza ndogo.

Huna kalkuleta? Achana na pai, maana ipo pande zote mbili. Zidisha kipenyo kwa chenyewe: 30 × 30 ni 900, mara mbili 1,800. 45 × 45 ni 2,025. Euclid, mwanahesabu wa Ugiriki ya kale, alishalithibitisha hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwa hiyo shemeji akagombane naye.

Mama Wawili
Na ukingo je? Wanangu wanakula katikati, ule mkate wa pembeni wananiachia mimi. Tuseme ukingo una sm 2 kuzunguka. Ndogo inabaki na kipenyo cha 26, kubwa 41. Kwa njia ya Fundi: 26 × 26 × 2 ni 1,352, 41 × 41 ni 1,681. Mwanzo kubwa ilizidi kwa asilimia 12 na nusu, sasa inazidi kwa 24. Ila mpenda ukingo achukue mbili: mizingo yake kwa pamoja ni sm 188, ya kubwa ni 141 tu.

Muulizaji
Asante dada, asante Fundi. Shemeji kakubali kwa shingo upande, sasa kaja na jipya: moja ya 25 na moja ya 35 dhidi ya ile ya 45?

Fundi Bati
625 na 1,225 ni 1,850. Bado hazifiki 2,025.

Kama haamini namba, zikifika kata kila moja nusu. Weka nusu ya 25 na nusu ya 35 zikutane ncha kwa ncha, pande zilizokatwa zikifanya pembe mraba. Kona ya boksi itakusaidia. Kisha pitisha upande ulionyooka wa nusu ya kubwa kati ya ncha mbili zilizobaki. Ukitosha kamili, ulaji ni sawa. Ukipitiliza, kubwa imezishinda zote mbili. Ni Pythagoras yuleyule wa shuleni.

Ila aulize unene kabla ya kulipa. Hesabu zote hizi zinachukulia unene ni mmoja. Katika lile swali la kwanza, kubwa ikiwa nyembamba kwa sehemu moja tu kati ya tisa, faida yote imekwisha.