Kebo ya 11 kV imepasuka mara ya pili, ndani imejaa maji

fundi_shimanzi
Habari zenu wadau, mimi ni fundi wa stima kwa kiwanda kimoja huku Shimanzi, tuko na kebo ya 11 kV (volti elfu kumi na moja) ya XLPE, ile plastiki inayofunika shaba kuzuia umeme usitoke, imezikwa kama mita 400, haijafika hata miaka tisa na ishapasuka mara mbili, zote wakati wa masika. Juzi tulipoikata maji yalidondoka tone tone kutoka katikati ya nyuzi za shaba na shaba yenyewe imekuwa nyeusi tii. Na mwezi uliopita niliipiga mega ya 5 kV, kile kipimo cha kuona kama insulesheni inavujisha umeme, ikasoma vizuri tu! Bosi anataka tuunge jointi tuwashe, mi roho inakataa. Maji yanapitia wapi?

mzee_wa_jointi
Pole mwanangu. Mega haiwezi kukuonyesha hiyo. Unyevu ukikaa ndani ya XLPE na umeme wa AC (unaogeuka-geuka mwelekeo) unapita, inaota mistari midogo kama matawi, ndio wanaita miti ya maji, inakua polepole miaka nenda miaka rudi na kebo inabeba mzigo kama kawaida kwa sababu tawi halijavuka upande wa pili. Siku ikija radi au mtu akiwasha ghafla, pale kwenye mti wa maji unazaliwa mti wa umeme, na huo haungoji.
Sasa njia ya maji kuingia. Nimefanya jointi Changamwe mpaka Likoni na maji mengi niliyoyakuta yaliingilia kwenye ncha, kebo haijawashwa bado. Drami imelala yadi, ncha imekatwa kwa msumeno ikafungwa karatasi ya nailoni na tepu, mchana jua linapiga hewa inatanuka inatoka, usiku inapoa inafyonza unyevu, kila siku hivyo hivyo. Ukikata tu, hata kama unarudi baada ya chai, vika kofia ya kusinyaa kwa moto yenye gundi ndani. Na jointi usifungue mvuani bila hema, mikono ya jasho pia ni maji.

salim_nyali
Naongezea kwa mzee, angalia ganda la nje. Huku kwetu mtaro unachimbwa kwenye matumbawe, jiwe moja kali likilaza ubavu kwenye kebo basi maji ya chumvi yashapata mlango. Laza mchanga laini chini na juu, ukishafukia pima ganda kwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja) 5 kV kati ya skrini, lile tabaka la chuma chini ya ganda, na ardhi, skrini iwe imefunguliwa pande zote mbili. Ikivuja tafuta tundu sasa hivi, usingoje masika.

dada_wa_protekshen
Na tafadhali msiipige hiyo kebo nzee DC kubwa kwenye insulesheni, chaji inabaki ndani ya XLPE na inaweza kuimaliza mkiwasha. Tafuteni mashine ya VLF ya 0.1 Hz, yaani AC inayogeuka polepole sana, inayopima na tan delta (umeme unaopotea ndani ya insulesheni), hiyo ndiyo inaonyesha uzee wa maji. Mkinunua mpya ulizeni yenye tepu ya kufura ikiguswa na maji, na karatasi ya chuma chini ya ganda.

fundi_shimanzi
Shukran sana mzee, na nyote. Mzee nimekata mita sita zaidi leo kutafuta shaba kavu, bado nyeusi. Ncha zote mbili nimezivika kofia, kesho alfajiri naendelea kukata.