GR86 kwenye barabara za chumvi: nilioshe vipi, na je, niliendeshe mpaka Aprili?

Mwana wa Kibokoni (Minneapolis):

Wanajamvi, salaam aleikum. Mwezi wa Juni nilinunua Toyota GR86, gari dogo la michezo, ya mwaka 2022, ya gia za mkono, ikiwa bado na matairi ya kiangazi iliyotoka nayo dukani. Misimu yote ya baridi niliyokwisha kuiona hapa niliipitisha ndani ya Corolla kuukuu ambayo sikuionea huruma: niliiosha Desemba, nikaiosha tena Aprili, na ilipotoboka kutu juu ya gurudumu la nyuma niliiuza. Hili la sasa silitaki liishie vivyo hivyo. Tatizo ni kwamba sina gari la pili, kazini ni kilomita 22 kwa njia kuu, na zamu yangu huanza saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo mabasi ya mtaani kwangu hayajaanza kupita.

Wiki hii nimeona malori yakimwaga maji ya chumvi barabarani, yale ya kuzuia barafu isishike, hata kabla theluji haijaanguka. Mwenzangu mmoja kazini ananishauri nisilioshe kabisa mpaka Aprili, kwa hoja kwamba ule uchafu mkavu hulifunika gari kama blanketi na kwamba kuosha kwenye baridi ndiko kunakoharibu rangi. Mwingine anasema lioshwe kila baada ya siku mbili. Ninakaa kwenye jengo la ghorofa lenye maegesho ya chini ya ardhi yanayopashwa joto, ambako kuosha magari hakuruhusiwi, na nimekuwa nikijifariji kwamba walau usiku linalala mahali pa joto na pakavu. Nimekulia Mombasa, kwa hiyo kutu ya upepo wa bahari ninaijua tangu mabati ya jikoni kwa nyanya. Hii ya barabarani ndiyo sijaielewa. Je, linaweza kuvuka majira haya, na nilioshe wapi, vipi na mara ngapi?

Fundi wa Chini ya Gari (St. Cloud):

Aleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na hayo maegesho, maana ndiyo uliyoyategemea zaidi. Chuma hupata kutu kinapokutana na maji na hewa. Chumvi huharakisha jambo hilo kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kadiri joto linavyopanda ndivyo kutu inavyokwenda mbio. Gari lililolala nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, hata likiwa limetapakaa chumvi, halipati kutu kubwa usiku huo. Lako linashuka chini likiwa limebeba vipande vya theluji ya chumvi nyuma ya magurudumu, theluji inayeyuka, maji yanapenya kwenye maungio, na joto linaendelea na kazi mpaka unapoamka kwenda zamu. Sikuambii ulilaze nje, kwa kuwa betri na injini zinashukuru hapo zilipo. Nasema tu kwamba mwenye maegesho ya joto anapaswa kuosha mara nyingi kuliko jirani yake anayeegesha barabarani.

Halafu si chumvi ya aina moja. Ile ya kawaida, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya mezani, inayeyusha barafu vizuri mpaka karibu nyuzi 9 chini ya sifuri, na baridi ikizidi hapo huongezewa kloridi ya magnesiamu au ya kalsiamu. Hizi mbili zina tabia ya kuvuta unyevu hewani, kwa hiyo chuma hubaki chepechepe hata siku ambayo barabara inaonekana kavu. Huyo anayesema uchafu ni blanketi angefaa kuja siku moja alale chini ya gari pamoja nami.

Ukumbuke pia kwamba boneti, paa na madigadi ya mbele ya gari lako ni aluminiamu. Nimeona wateja wakipaka nta boneti ambalo haliwezi kushika kutu, huku matao ya magurudumu ya nyuma, vizingiti vya chini ya milango, nati na mabomba ya breki yakiliwa kimyakimya. Kabla theluji haijakolea, lipeleke lipigwe mafuta ya lanolini chini kote, yaani yale mafuta ya sufu ya kondoo yanayobaki laini na kutambaa kwenye nyufa. Usikubali kupakwa ile rangi nzito kama lami juu ya gari ambalo limekwisha kutembea kwenye chumvi: ikipasuka mahali padogo, maji huingia nyuma yake na hayatoki, na kutu unaiona siku imeshatoboa. Mwambie pia anayepiga mafuta asizibe matundu ya kutolea maji chini ya milango.

Dada wa Bukavu (Montréal):

Kaka, mimi ninaendesha Subaru BRZ, pacha wa gari lako, na huu ni msimu wangu wa tatu nalo. Linavuka, lakini si kwa matairi hayo. Mpira wa kiangazi huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7, na kwenye baridi kali unaweza hata kupasuka ukiliondoa gari mahali lilipolala. Huku Québec sheria inatulazimisha kuwa na matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Kwenu hailazimishi, lakini wewe jilazimishe, na uangalie alama ya mlima wenye kipande cha theluji ubavuni mwa tairi. Kama matairi yako ni ya inchi 18, nunua seti ya rimu za inchi 17 kwa majira haya, kwani ubavu mnene huvumilia mashimo yaliyojificha chini ya barafu na gharama yake ni ndogo. Pima upepo mara kwa mara: kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 hupungua takriban psi 1.

Kuhusu kuosha, simuungi mkono huyo wa siku mbili, kwa sababu kinachokwangua rangi ni mchanga unaosuguliwa, wala si baridi yenyewe. Mimi huosha mara moja kwa wiki, na tena siku yoyote barafu inapoyeyuka baada ya dhoruba, maana hapo ndipo maji ya chumvi yanaporuka kila mahali. Nenda kwenye vibanda vya kujioshea vyenye mashine ya presha, siku ambayo joto liko karibu na sifuri au juu yake. Anza chini: ndani ya matao ya magurudumu, nyuma ya matairi, vizingiti, kisha elekeza maji chini ya bodi kutoka mbele kwenda nyuma bila haraka. Nusu ya muda wangu na sarafu zangu huishia hapo. Juu ninapiga povu, ninasuuza, na sigusi rangi kwa kitambaa mpaka mchanga wote umeondoka. Brashi ya kibanda usiishike kabisa, kwani dakika chache kabla yako ilikuwa ikisugua lori la mtu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wenye Corolla hawalijui. Milango ya magari yetu haina fremu juu, na kioo hushuka kidogo kila unapovuta kitasa. Maji yakiganda kwenye mpira, kioo hakishuki, na ukilazimisha mlango utachana mpira au kuharibu mota ya kioo. Kwa hiyo kabla ya kuondoka kibandani ninafuta mipira yote kwa taulo kavu, na mwanzoni mwa msimu ninaipaka silikoni. Njiani kanyaga breki taratibu mara kadhaa ili diski zikauke, na kama utaegesha mahali panapoganda, usivute handibreki: acha gari kwenye gia ya kwanza, la sivyo asubuhi utakuta magurudumu ya nyuma yameshikana.

Mzee wa Zamani (Boston):

Wanangu, mnajitesa. Mimi langu hulala kuanzia Novemba chini ya turubai, tangi limejaa, betri kwenye chaja ndogo, nami ninatembelea gari kuukuu la dola elfu tatu. Na wala siliwashi kila Jumapili, kwani injini ikinguruma dakika kumi bila kupata moto wa kutosha hukusanya tu maji na petroli kwenye oili.

Mwana wa Kibokoni (Minneapolis):

Mzee wangu, shikamoo. Ningependa sana kufuata njia yako, lakini jengo linanipa nafasi moja tu ya kuegesha. Matairi nimeagiza, na mafuta ya lanolini yatapigwa Jumamosi. Fundi, limebaki swali moja: mafuta hayo hayataondoka nikipiga presha chini kila wiki?

Fundi wa Chini ya Gari (St. Cloud):

Yataondoka kidogo mahali panapopigwa moja kwa moja, hasa ndani ya matao, kwa hiyo weka bomba mbali kidogo, chumvi itatoka bila mafuta kukwanguliwa, na mwezi wa Januari upite nikupakie tena sehemu zilizobaki wazi. Nunua pia kapeti za mpira zenye kingo za juu, maana theluji ya viatuni ina chumvi ile ile na sakafu huoza kutoka ndani. Gari lako liko sentimita 13 hivi kutoka ardhini. Asubuhi ambayo theluji imezidi kimo hicho na malori hayajasafisha, omba lifti kwa mwenzako wa zamu.